Ukiwa kwa Baba Kimaiyo Huoni Kwetu

Wariara Karanja anaweza kukuambia, bila hata kuinuka kitini, kama ukisimama mlangoni pako utaliona Ziwa Nakuru au utaona tu mgongo wa kilima cha jirani. Usicheke, ndiyo kazi yake. Kuna wanaolipwa kupika na kuna wanaolipwa kulinda geti, na yeye analipwa kusema ni nini kinaonekana kutoka wapi. Mama yake amejaribu mara nyingi kuwaeleza wanawake wa kanisa kazi hiyo ni ya nini hasa, na kila mara huishia kusema, "Ni mambo ya kompyuta," halafu anauliza bei ya kabeji.

Ofisi yenyewe iko ghorofa ya pili mjini Nakuru, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe hupanda ngazi pamoja na wateja. Mwenye ofisi ni Makhanu, mpima ardhi, mjukuu wa mtu aliyetoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli na hakurudi tena. Makhanu ana meza tatu, kompyuta mbili nzuri na moja ya kubembelezwa. Mtu wa kampuni ya simu anakuja, anataka kujua busta yake, mnara wa simu, ikisimamishwa hapa ni vijiji gani vitapata mtandao, na ni vipi vitabaki nyuma ya mlima watu wakinyoosha simu juu. Mwenye hoteli anakuja kutoka upande wa Elementaita, anataka kila chumba kione flamingo, hata choo ikiwezekana.

Haya, Wariara anafungua ramani ya miinuko, ile ambayo kila kipande cha nchi kimeandikiwa urefu wake. Anaweka nukta pale mtu atakaposimama. Kompyuta inavuta mstari kutoka kwa jicho la huyo mtu mpaka kwa kila kipande, maelfu kwa maelfu, na mstari ukigonga kilima njiani, unakatwa. Mwishoni ramani inatoka na rangi mbili: kijani ni panapoonekana, kijivu ni pasipoonekana. Miti na nyumba hazimo. Ni ardhi tupu, kama kichwa kilichonyolewa. Urefu wa macho huwa umeshawekwa, mita moja nukta saba, mtu mzima aliyesimama chini, na pale ofisini hakuna anayeigusa hiyo namba isipokuwa kazi ni ya busta.

Kwa njia hiyo Wariara alikuwa ameliona Bonde la Ufa kutoka kila pembe. Alijua mtu wa Karagita anaona nini akitoka chumbani kwake, na mtu wa Menengai, na wa Mau Narok. Sehemu moja tu hakuwahi kuifungua. Faili yoyote ya Kuresoi ikija mezani aliisukuma kwa Makhanu, na Makhanu, ambaye kwa bahati si mtu wa maswali, aliipokea akaifanya mwenyewe.

Kwao ni Kuresoi. Ukimwuliza leo atakujibu Dundori, maana huko ndiko anakoishi na mama yake, lakini Dundori ni pahali walipofika, si pahali walipotoka. Walikuwa na ekari tatu za viazi na mahindi, ng'ombe wanne, na nyumba ya mbao iliyoangalia mto. Baba yake, Karanja, alikufa kwa nimonia Wariara akiwa darasa la tatu. Alimwacha mama na watoto wawili: Wariara, na kaka yake Mwaura, kifungua mimba, ambaye mama alianza kuitwa kwa jina lake siku aliyomzaa.

Ng'ambo ya bonde, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, alikaa Kibii. Hakuna aliyemwita Kibii. Alikuwa Baba Kimaiyo, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Siku Karanja alipozikwa, watu walikula, wakaomba, wakaenda zao, na Baba Kimaiyo akabaki akikarabati zizi. Na hivyo ndivyo alivyobaki miaka yote. Ndiye aliyemfundisha Mwaura kukama. Ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kumvuta ndama akikataa kutoka, mkono umeingia mpaka begani, huku Kimaiyo, rika lake, akishika taa na kutapika. Walicheka habari hiyo mwaka mzima. Maziwa yalitoka ng'ambo kuja huku, viazi vikatoka huku kwenda ng'ambo, na mwenye kuhesabu hakuwepo.

Kisha ikafika Januari ya mwaka wa elfu mbili na nane, baada ya kura, na nchi ikawaka moto, kabila likafukuza kabila. Sitaeleza mambo ambayo kila mtu wa huku anayajua. Lori la viazi lilikuja kuwachukua akina mama na watoto kuwapeleka Molo, na Wariara, msichana wa miaka kumi na minne, akapanda juu ya magunia. Mwaura, wa miaka kumi na minane, ndevu tatu kidevuni, alikataa kupanda. Ng'ombe wataachiwa nani? Alisema atawafungulia, awasukume mpaka kwa barabara kubwa, halafu afuate.

Hakufuata. Siku ya tatu polisi walileta maiti kwenye mochari. Walisema waliiokota karibu na mto, wakaandika, wakaenda. Hawakuweza kumrudisha nyumbani kumzika kando ya baba yake, kwa hivyo alizikwa Nakuru, kwenye makaburi ya watu wote, na kasisi ambaye hakumjua akakosea jina lake mara mbili. Na mama yake bado ni Mama Mwaura. Anaitwa hivyo sokoni, anaitwa hivyo kanisani, anaitika kila siku ya Mungu. Hebu fikiria kuitika jina hilo.

Walipokuwa kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho, Mama Mwaura aliazima simu akampigia Baba Kimaiyo. Wariara alikuwa ameketi hapo hapo kwenye nyasi. Mama hakusalimia.

"Baba Kimaiyo, uliona?"

"Mama Mwaura," sauti ikajibu, "kutoka kwangu huoni kwako. Kuna kale kamwinuko katikati. Sikuona kitu."

"Mimi nilikuwa naona moshi ya jikoni yako kila asubuhi," mama akasema, na akairudisha simu kwa mwenyewe.

Tangu siku hiyo hakuzungumza naye tena. Maisha yakasukumwa mbele kama yanavyosukumwa. Shamba la Kuresoi liliuzwa kwa mtu ambaye hawakumwona, wakapata kipande kidogo Dundori, na mama akarudia viazi na kabeji kwa sababu ndicho alichojua. Wariara alisoma, akafanya kozi ya upimaji, akaolewa kidogo na ndoa ikamshinda, akarudi kwa mama bila mtoto na bila maelezo mengi. Kila Krismasi simu ililia, jina la Baba Kimaiyo likawaka kwenye kioo, na Mama Mwaura akaiangalia mpaka ikachoka yenyewe.

Nyumba hiyo iliishi juu ya swali moja. Mama alishikilia kwamba mtu akiwa kwa Baba Kimaiyo anaona nyumba yao wazi kabisa. Wariara alikumbuka vingine. Alikumbuka akienda kuchukua maziwa, na akivuka kamwinuko nyumba yao inapotea nyuma yake. Lakini kumbukumbu ya msichana ni kitu gani mbele ya mama aliyefiwa? 

Mwezi wa tatu mwaka huu Kimaiyo alipanda zile ngazi za ofisini. Siku hizi ana pikapu ya kubeba maziwa, ana kitambi, na nywele zimeanza kurudi nyuma. Wariara alimjua kwa miguu. Alitembea bado kama mtu anayeogopa kukanyaga vifaranga.

"Wariara, niaje. Mzee ni mgonjwa," akasema akiwa bado amesimama. "Ni saratani ya koo. Wameturudisha nyumbani, wamesema tumtunze tu huko."

"Woi, pole sana, Kimaiyo."

"Anaitisha kitu moja. Kusalimia mama yako. Hata kama ni dakika tano."

Wariara alibeba neno hilo mpaka Dundori akalitua mbele ya mama yake, ambaye alikuwa kwenye kibaraza akichagua mbegu za viazi, nzuri huku, mbovu kule. Mama aliendelea kuchagua hata Wariara akadhani hakusikia.

"Kama hakuona," mama akasema mwishowe, "nitaenda. Nitamshika mkono, nimwombee, niombe msamaha. Kama aliona, asitafute mkono wangu. Afe nayo hivyo."

"Lakini tutajua aje, Mama? Yule alinunua shamba alipanda miti ya blugamu kila mahali. Hata ukisimama hapo leo huoni mbele ya pua."

Mama aliinua uso. "Kwani kazi yako ni gani? Watu wanatoka mbali wanakulipa uwaambie wanaona nini. Niambie na mimi."

Haya sasa. Mtu anaweza kukaa miaka minane kwenye kiti kimoja akifanya kazi moja, na asijue kwamba kazi hiyo ilikuwa inamsubiri. Kesho yake, Makhanu alipotoka kwenda kula, Wariara aliifungua Kuresoi. Alitafuta picha ya zamani iliyopigwa kutoka juu, ya kabla ya vurugu, na pale chini, mahali ambapo leo ni blugamu tupu, kulikuwa na paa. Paa lao. Aliona hata kivuli cha mti wa plamu ambao Mwaura alianguka kutoka juu yake akavunja jino. Alifunga kompyuta, akaenda kusimama dirishani, akawatazama watu wakinunua dawa za mbuzi.

Ilimchukua siku nne kuirudia ile faili. Aliweka nukta mlangoni kwa Baba Kimaiyo, akabonyeza, akafumba macho kama mtoto. Alipoyafumbua, bonde lilikuwa limepakwa rangi. Barabara ya shule ilikuwa kijani, mto upande wa juu kijani, na kale kamwinuko kalikuwa kijani kitupu upande wa kwa Baba Kimaiyo. Nyuma yake palikuwa kijivu. Nyumba yao ilikuwa katikati ya kijivu. Kamwinuko kaliificha kwa mita mbili na kitu.

Hakutosheka. Aliweka nukta nyingine getini, nyingine zizini, nyingine penye jiko la nje, nyingine kona ya choo. Alizunguka boma zima la yule mzee kama askari anayepekua. Kila pahali palitoka kijivu. Mzee alikuwa amesema ukweli, na alikuwa ameitwa mwongo kwa miaka kumi na saba. Makhanu aliporudi kutoka kula alimkuta Wariara amelaza kichwa juu ya meza, mabega yanaruka.

"Ni nini sasa, Wariara? Nani amekufa?"

"Hakuona, boss," akasema kwa kilio. "Haki ya Mungu, hakuona."

Makhanu hakuuliza ni nani ambaye hakuona. Alichapisha ile ramani kwa wino wa rangi, wino ambao huwa anaulinda kuliko macho yake, akaikunja vizuri na kumpa siku ya mapumziko.

Mama Mwaura hakujua kusoma ramani. Wariara alikishika kidole chake akakitembeza juu ya karatasi: hapa ni kwetu, Mama, huu ni mto, hapa ni kwa Baba Kimaiyo, na haka ka katikati ndiko kamwinuko. Ukiwa hapa huoni hapa. Hata ukisimama wapi.

"Hata kwa zizi?"

"Hata kwa zizi."

"Una uhakika? Hiyo kompyuta haikosei?"

"Busta zinajengwa na hii kitu, Mama. Haikosei."

Mama alianza kulia polepole, halafu akalia kwa sauti, na Wariara hakuwahi kumwona akilia hivyo, na uso wake ukiwa na nuru. "Ngai," alirudia, "Ngai wangu, asante." Wariara alifikiri ni kwa sababu ya yule mzee. Alifikiri mama anashukuru kwamba rafiki amerudi kuwa rafiki. Jioni hiyo mama alikula ugali wote uliokuwa kwenye sahani, akaongea habari za Mwaura, alivyokuwa akiimba vibaya, alivyoiba sukari, mambo ambayo hayakuwa yametajwa kwa miaka mingi. Walicheka. Wakapanga kwamba Wariara atangulie Jumamosi amweleze mzee, maana si vizuri kumwingilia mgonjwa ghafla, na mama aende Jumatatu.

Kimaiyo alimchukua mjini baada ya kuteremsha maziwa. Mitungi mitupu iligongana nyuma njia nzima. Wariara alimwonyesha ramani kwa furaha, akamweleza, na Kimaiyo akaiangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sawa," akasema. "Mpe mzee." Kisha akaendesha mpaka Molo na kuipita bila kufungua mdomo tena, na Wariara akadhani ni ugonjwa wa baba yake unaomsumbua.

Kuresoi kulikuwa na jua jembamba la huko juu. Ng'ambo ya bonde blugamu zilisimama kimya, na Wariara alikaza shingo asitazame upande ule. Baba Kimaiyo alikuwa nje, kwenye kiti cha mbao, blanketi magotini na taulo shingoni. Alikuwa amebaki mifupa na masikio.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising." Sauti ilikuwa imekwisha; ulilazimika kumkaribia kama mtu anayekuambia siri. "Ni wewe Wariara? Umerefuka ukapita baba yako. Keti hapa."

Aliketi. Waliulizana habari za nyumbani, za viazi, za mvua. Kimaiyo aliingia zizini na hakutoka. Ndipo Wariara akatoa karatasi, akaitandaza juu ya blanketi, na kumweleza yote: swali la mama, kompyuta, mistari, rangi mbili. Maneno yalimtoka mbio. "Kwa hivyo umeona, mzee? Ulisema ukweli. Mama anakuja Jumatatu. Anasema umsamehe."

Mzee alifuata kwa ukucha mpaka wa kijivu. Alikuwa makini, kama anavyokuwa makini mtu anayenunua ng'ombe.

"Hii mashini," akanong'ona, "ilijua aje pahali nilikuwa nimesimama?"

"Niliweka kila pahali. Kwa mlango, kwa geti, kwa zizi."

"Na macho yangu, uliyaweka wapi?"

Wariara hakuelewa. "Vile mtu anasimama tu. Hivi." Akainua kiganja kuonyesha urefu wa mtu.

Baba Kimaiyo alikitazama kile kiganja. Halafu akainua kidevu, akatazama nyuma yake, juu, kwenye paa la nyumba yake.

"Mimi siku hiyo nilikuwa huko," akasema. "Upepo ilikuwa imefungua bati mbili. Nilikuwa juu ya nyumba na nyundo."

Wariara aliikumbuka mita moja nukta saba. Namba ile. Namba ambayo hakuna anayeigusa. Paa ni mita nne na nusu, na mtu juu yake ni sita, na kukapita kamwinuko macho yalihitaji kupanda mbili na kitu tu.

"Nyamaza, mzee," akasema. "Usiseme."

Mzee alisema. Alisema kidogo kidogo, akipumzika, akipangusa mdomo kwa taulo. "Niliona vijana wakiingia kwenu. Niliona moto ikianza kwa jikoni. Mwaura alikuwa anafungua ng'ombe. Alitoa ng'ombe yote kwanza, huyo kijana, akawachapa waende. Halafu akaruka ua, akakuja huku. Ukiona mtu, na yeye anakuona. Aliniona nikiwa juu. Akainua mkono, hivi."

Akainua mkono wake, akaushusha.

"Mimi nikashuka. Nikaingiza ngazi ndani. Nikafunga mlango na gogo. Asubuhi wale vijana walikuwa wamepita hapa, wakasema nyumba yenye itaficha mtu itachomwa na wenyewe wakiwa ndani. Nilikuwa na mke na watoto wanne. Sikuambii ndiyo unihurumie. Nakuambia vile ilikuwa. Mwaura akafika kwa mlango. Akaniita, 'Baba Kimaiyo.' Nikanyamaza. Akamwita Kimaiyo. Kimaiyo akataka kuitika, nikamziba mdomo. Akaita mara ya mwisho. Halafu nikasikia miguu ikienda upande ya mto."

Wariara alisimama. Alitaka kumpiga. Mgonjwa, mtu wa kufa leo au kesho, na yeye alitaka kukiinua kile kiti na kumwangusha nacho.

"Si ungekubali tu karatasi!" akapiga kelele, na kuku wakatawanyika. "Si ungesema asante! Nani angejua? Mama alikuwa anakuja! Alikuwa amefurahi, mzee, unajua ni lini mara ya mwisho mama yangu alifurahi?"

"Angenishika mkono," Baba Kimaiyo akasema. Aliutandaza mkono wa kulia juu ya ramani, akautazama. "Huu ndio nilimziba nao Kimaiyo. Singeweza. Mwambie wewe, mtoto wangu. Mimi sauti imeisha."

Wariara aliondoka bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mtu yeyote. Kimaiyo alimfuata mpaka barabarani, mtungi wa maziwa mkononi kana kwamba amesahau unawekwa wapi, machozi yakiingia kwenye ndevu. "Aliniita kwa jina," akasema. "Wariara, aliniita kwa jina." Wariara alipanda pikipiki ya kwanza iliyosimama.

Njia nzima alijaribu kupanga uongo. Ulikuwa uongo rahisi: amefurahi, anakusubiri, njoo. Mzee asingekaa mwezi. Lakini Jumatatu mama angefika pale, angenyoosha mkono, na yule mzee angeurudisha wake chini ya blanketi. Ukweli ungemkuta huko, mbele ya watu, kwenye boma lile lile. Afadhali usikike nyumbani.

Ilikuwa saa kumi alipofika Dundori. Mama alikuwa amefua rinda lake la kitenge, liko kwenye kamba, na ndani ya kikapu amepanga viazi vikubwa kimoja kimoja, kila kimoja kimepanguswa udongo.

"Amesemaje?" mama akauliza kabla Wariara hajaingia getini. "Alifurahi? Anakula kweli?"

"Mama, keti."

"Amekufa?"

"Hajakufa. Keti."

Alimwambia. Hakupunguza, alijua akianza kupunguza hatamaliza. Alimwambia kosa ni lake, kwamba aliweka macho ya mtu aliyesimama chini na mzee alikuwa juu ya paa. Alimwambia habari za ng'ombe, ua, mkono ulioinuliwa, ngazi, gogo, na mara tatu Mwaura alizoita. Alingoja mama apige mayowe. Alingoja amlaani Kibii, yeye na kizazi chake, na Wariara alikuwa tayari kulaani pamoja naye.

Mama Mwaura hakulaani mtu. Alikuwa ameshika ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Alienda huko moja kwa moja?" akauliza. "Hakujaribu kwingine kwanza? Kwa msitu?"

"Moja kwa moja, Mama. Aliruka ua akaenda."

"Alitaka kupitia msitu," mama akasema. "Ile siku, tukiwa kando ya lori. Alisema wakija atakata kwa msitu atokee Molo, anaijua njia. Na angetokea. Mimi nikamshika shati. Nikamwambia, wewe usinipotelee msituni, wakija kimbilia kwa Baba Kimaiyo, yeye ni baba yako." Alikunja ncha ya kitambaa chake, akaikunjua. "Kama Baba Kimaiyo hakuona kitu, ingekuwa Mwaura hakufika kwake. Ingekuwa alikataa maneno yangu, akaenda njia yake, akafa kivyake. Miaka yote hii nimekuwa nikimwomba Mungu iwe alikataa maneno yangu."

Wariara alipiga magoti, akamkumbatia miguu. Mama alitazama mbele, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama.

"Na alikuwa mtoto wa kusikia, huyo," akasema. "Ukimwambia kitu, anafanya."